Mtani Amelala Mlangoni

Kijiji cha Ujamaa Tupendane,
Mikumi.
16 Februari 1975

Kwako mpagazi wangu Wenceslaus,

Shikamoo yako naisubiri kwenye barua utakayonijibu, maana mtu mzima haanzi kumwamkia mtoto, tena mtoto wa Kinyamwezi. Nimefika salama. Garimoshi lilituteremsha Mikumi jua likiwa bado kali, na binti yangu Chausiku alikuwa stesheni ananingoja. Akanikagua kama mtu anayenunua kuku, mara ashike mkono, mara ashike shavu. "Mama umenenepa," akasema, kisha akaanza kulia. Huyu binti analia kwa lolote. Ameolewa mwaka juzi, mtoto bado, nami namwambia afanye haraka nipate mtu wa kumpakata, kwa kuwa kifua sasa ninacho.

Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Nilipokwambia pale wodini kwamba nasoma kisomo cha watu wazima ulicheka, ukasema Msagara akijua kusoma atasoma nyayo za panya apate kitoweo. Basi isome barua yangu na uone wivu.

Nimewasimulia watu wa hapa jinsi tulivyoanza, wamecheka sana. Daktari mkubwa alisimama miguuni pa kitanda, akainua picha ya kifua changu dirishani, akazungumza Kizungu na sista, akaondoka. Mimi mwenye kifua nilikuwa pale pale, hakuna aliyeniuliza hata nimeamkaje. Nikasema sidungwi sindano na watu wasionisalimu. Ndipo ukaja wewe, ukavuta kigoda, ukasema shikamoo bibi. Nikakuuliza kabila lako, ukasema Mnyamwezi wa Tabora. Nikamshukuru Mungu. Babu zako wamepita kwetu na mizigo ya Waarabu vichwani tangu enzi, wakatutukana tukawatukana, mpaka tumekuwa watani. Nikakwambia, nidunge, mtumwa wangu, ukinitonesha nakutoza mbuzi.

Ulinitonesha. Mbuzi yuko wapi?

Ni mimi bibi yako,
Mwanasha binti Kibwana


Magomeni, Kilosa.
2 Machi 1975

Kwa Bibi Mwanasha, mla panya wa Tupendane,

Shikamoo. Naitoa kwa heshima ya mvi zako tu, ukoo wako sina habari nao.

Barua yako imefika kwa mkono wa mlinzi wa garimoshi, ikiwa inanuka samaki kwa kuwa aliiweka pamoja na kitoweo chake. Nimeipeleka wodini nikawasomea wenzako. Mama Selestina, yule wa kitanda cha jirani, amesema amekukumbuka, tangu uondoke hakuna wa kumgombeza amalize uji. Kweli wodi imepoa. Naingia asubuhi na trei yangu, wagonjwa wananyoosha mikono kimya, nadunga, natoka. Hakuna anayenitukana.

Nikwambie jambo ambalo sikukwambia ulipokuwa hapa. Nilipoletwa Kilosa sikuwa na ndugu hata mmoja. Nilipanga chumba hapa Magomeni, jioni napika ugali wa mtu mmoja nakula nikitazama ukuta. Siku uliyoniita mtumwa wako mbele ya wodi nzima, nilirudi chumbani nikicheka peke yangu njia nzima. Nilijiona nimefika nyumbani.

Sasa sikiliza, wewe mla panya. Vidonge unameza? Sindano zimekwisha lakini vidonge ni mpaka mwakani, hata kama unajisikia unaweza kulibeba garimoshi kichwani na kutuonyesha sisi wapagazi kazi. Kila mwezi nenda zahanati kwa Sista Hildegarda akupe vingine. Ukiacha utakufa, bibi. Nami nilikuonya pale stesheni: ukifa nakuja kukuzika bila sanda, nakufunga kwenye gunia la katani kama mkonge wa shambani, na nyama ya hitima yote naila mimi.

Mbuzi wako anakuja. Anatoka Tabora kwa miguu.

Mjukuu wako kwa bahati mbaya,
Wenceslaus


Tupendane, Mikumi.
30 Machi 1975

Mpagazi wangu,

Marahaba. Mwenyezi Mungu akuzidishie umri, ila akili amekwisha kukunyima.

Barua yako nimekwenda nayo darasani. Mwalimu wetu Danieli alikuwa hana cha kutusomesha siku hiyo, chaki mbili na kitabu kimoja, basi akaandika maneno yako ubaoni: Ukiacha utakufa, bibi. Tukayasoma wote kwa sauti, wazee kwa vijana, na tulipofika kwenye gunia la katani mzee Lazaro alicheka mpaka akatoka nje kujishika ubavu. Watu hapa wanakupenda na hawajakuona. Wananiuliza huyo Mnyamwezi wako anakuja lini tumnyang'anye viatu.

Hayo ya kunizika umenikumbusha mbali. Mume wangu alipofariki, miaka ile ya karibu na Uhuru, watu wote walinizunguka. Huyu anasema mgonjwa amepelekwa kwingine, yule anasema subiri kidogo, shemeji ananipa maji ya kunywa. Mtani wetu mmoja, mzee wa Kinyamwezi aliyekuwa akikata mkonge, ndiye aliyeingia ndani akaniambia, "Mwanasha, mumeo amekufa, niletee jembe." Siku ya kuzika, kaburi limechimbwa tayari, akashuka mwenyewe akalala ndani. Akasema hatoki, hapa pana ubaridi mzuri, mwenye maiti alipe. Tukampa kuku akakataa, tukaongeza kanga yangu mpya, akatoka. Nilicheka, Wenceslaus. Nilicheka machozi yakinitoka, na bila yule mzee sijui ningerudije nyumbani siku ile.

Kwangu mimi mambo ni mazuri. Mahindi tembo wameyala, tumebaki na unga wa yanga wa msaada, wa njano kama dawa, lakini tunakula. Kifua kimetulia. Nimeanza kulima tena shamba la kijiji, asubuhi nawapita hata vijana. Vidonge vyako vipo, usijali.

Ni mimi bibi yako mla panya,
Mwanasha binti Kibwana


Zahanati, Mikumi.
21 Aprili 1975

Ndugu Wenceslaus,

Salamu zangu ni fupi, akina mama wamejaa barazani na watoto wao.

Mgonjwa wako Mwanasha binti Kibwana amefika hapa mara moja tu tangu mumruhusu. Jana nimemfuata nyumbani. Nilimkuta anapepeta, akanikaribisha vizuri sana, akanipa kiti. Nikamwomba anionyeshe vidonge. Akaingia ndani akatoka na kopo, nikalishika, zito. Limejaa, ndugu yangu, kama nilivyompa.

Nikamwuliza kulikoni. Akasema vinamchafua tumbo, hasa akiwa hajala, na kifua chenyewe kimekwisha kupona, sasa anywe dawa ya nini. Nikamwambia bila kupindisha kwamba atakufa. Akacheka! Akainuka akaniletea barua yako, akanionyesha kwa kidole mahali ulipoandika hivyo hivyo. Maneno yake nakuandikia kama yalivyomtoka: "Sista, nawe umeanza ya yule mtani wangu? Tangu wodini ananiambia nitakufa. Ingekuwa kweli, mtoto yule angecheka?"

Mimi ni Mpogoro wa Mahenge, utani naujua na nimeula. Sikuandikii kukulaumu. Najua mlimpata kwa utani huo huo, sindano alizikataa kwa wote akazikubali kwako. Ila naomba unijibu swali moja: pale wodini, kuna mtu yeyote aliyemkalisha bibi huyu akamweleza ugonjwa wake bila kucheka? Daktari mkubwa alisema na picha. Wewe ulisema na mtani wako. Yeye mgonjwa alielezwa na nani?

Ameanza tena kukohoa. Nilipokuwa pale aligeuza uso akakohoa kwenye kanga, akasema ni vumbi la pumba.

Hildegarda


Kilosa.
28 Aprili 1975

Ndugu Mwanasha Kibwana,
Kijiji cha Ujamaa Tupendane.

YAH: KUACHA MATIBABU YA KIFUA KIKUU

Unaarifiwa kwamba taarifa imepokelewa kuwa umeacha kutumia dawa ulizopewa. Kifua kikuu ni ugonjwa wa hatari unaosababishwa na vijidudu. Vijidudu hivyo hubaki mwilini hata baada ya mgonjwa kujisikia amepona. Mgonjwa anayeacha dawa huugua upya, huambukiza jamaa zake, na anaweza kufariki dunia.

Kwa barua hii unatakiwa kufika zahanati ya Mikumi mara moja ili uendelee na matibabu.

Haya si mzaha.

W. Kasanga
Mganga Msaidizi


Tupendane, Mikumi.
11 Mei 1975

Kwako Daktari,

Barua yako nimeipata. Nimeisoma polepole maana maneno yake magumu, mengine nimemwuliza Mwalimu Danieli. Safari hii hakuandika ubaoni.

Nimekukosea nini? Nimekaa nimefikiri tangu ilipofika Ijumaa ile. Labda nilivuka mpaka niliposema huna akili. Labda umechoka kuitwa mpagazi, mtu umesoma, una koti jeupe. Ungeniambia tu. Mtani hakasirikiwi wala hakasiriki, lakini wewe ni kijana, huenda mambo hayo siku hizi yamebadilika. Kama ni faini nitalipa kuku, ninaye mmoja aliyesalia.

Umeniandikia "unaarifiwa". Neno hilo mara ya mwisho nililisikia kwa karani aliyekuja kutuarifu tuhame kule mtoni tuje hapa. Naye alitusomea karatasi hakutazama mtu usoni. Sikatai, huenda yalikuwa ya kweli aliyosema, lakini alikuwa hasemi na mimi. Hata huyu aliyeandika kwamba mgonjwa anaweza kufariki simjui. Naye hanijui. Atajuaje kama nitakufa?

Wewe nilikujua. Ulikuwa unaniambia nitakufa unacheka, moyo wangu ukatulia, nikasema huyu kijana ameona ndani ya kifua changu akakuta pamepona, ndiyo maana anacheka.

Sitakusumbua tena kwa barua. Wasalimie wodini.

Mwanasha Kibwana


Magomeni, Kilosa.
26 Mei 1975

Ndugu Hildegarda,

Jana nilikuwa Mikumi na sikukuona. Mhudumu wako alisema umekwenda kuzalisha mbali na hutarudi mpaka leo, nami garimoshi lilikuwa halinisubiri. Kwa hiyo nakuandikia yote, kwa sababu mengine yanakuhusu.

Ulinipa swali nikalijibu vibaya. Niliona aibu, na kwa aibu ile nikaketi nikamwandikia bibi barua ya kiofisi, yenye YAH na mstari chini. Nilidhani nikiondoa utani utabaki ukweli. Majibu yake nimekuambatishia, usome mwenyewe, mimi nikiyasoma tena nitalia. Niliyachukua mpaka kazini mfukoni. Nilisimama miguuni pa kitanda cha mgonjwa mpya nikaanza kumweleza habari za vijidudu, nikamwona anatazama vifungo vya koti langu, nikanyamaza katikati.

Ndipo nikakumbuka kitu alichokuwa ameniandikia mwezi wa tatu, habari ya mtani aliyelala kaburini siku ya kumzika mumewe. Nilikuwa nimeisoma nikacheka nikaikunja. Jumamosi niliichukua nikaisoma tena. Yule mzee ndiye peke yake aliyemwambia kweli, wengine wote walimzunguka.

Nikaenda dukani nikanunua bafta nyeupe ya sanda, kipande kizima cha kumtosha mtu. Nikakata mwanzi kando ya mto. Jumapili nikapanda garimoshi.

Nilimkuta nje na majirani zake wanachambua mboga. Amekonda, Hildegarda, kanga imemzidi. Aliponiona akasimama, akasema, "Karibu, Daktari," akamtuma Chausiku alete kiti. Kiti! Mtani wangu ananiletea kiti na kukifuta vumbi. Sikukaa. Nikatandaza bafta mbele ya mlango, nikachukua mwanzi nikampima toka utosini mpaka kisiginoni kama wanavyopima wachimba kaburi, nikaukata pale pale. Majirani wakaanza kuguna. Kisha nikalala chali mlangoni kwake, kwenye tope la mvua ya asubuhi.

Halafu nikasikia sauti yake juu yangu. "Mpagazi, inuka. Utachafua shati la serikali."

Aliniita mpagazi. Sijui kama unaelewa nilivyofurahi.

"Siinuki," nikasema. "Hapa pana ubaridi mzuri. Mwenye maiti alipe."

Watu wakaangua kicheko, na yule mzee Lazaro wa darasani akapiga magoti kwa kucheka. Bibi naye akacheka, akakohoa, akaingia ndani akatoka na kuku. Nikakataa. Chausiku akaleta kanga, nikakataa. Bibi akasema, "Hiki kinyamwezi kina tamaa. Unataka nini basi?"

"Kopo."

"Kopo gani?"

"Unalijua."

Akalileta. Nikamwambia ameze. Akasema, "Ah, Wenceslaus, acha mzaha."

Nikamwuliza, "Bibi, yule mtani aliyelala kaburini mwa mumeo, alikuwa anafanya mzaha?"

Akaligeuza kopo mkononi. Akasema, "Mzaha alifanya. Lakini kaburi lilikuwa la kweli."

"Na hili ni la kweli," nikamwambia. Nililia mbele za watu, tope masikioni, mganga mzima.

Bibi akaketi chini kando yangu. Akaanza kuuliza maswali, na hapo ndipo nilipojua kwamba miezi yote ile sikuwahi kumpa nafasi ya kuuliza hata moja. Kama kifua kimenyamaza, ugonjwa unakaa wapi? Kwa nini dawa ya kifua inachafua tumbo? Je, amemwambukiza Chausiku? Hilo aliliuliza kwa sauti ndogo sana. Na mjukuu akizaliwa, ataruhusiwa kumpakata, au atamwangalia kwa mbali kama picha? Nilimjibu moja baada ya jingine, kweli tupu, na pale nisipojua nikamwambia sijui. Nilimjibu nikiwa nimelala, maana alikuwa hajalipa bado. Chausiku alikuwa amejipikia uji, bibi akanywa kikombe kizima kwanza, halafu akameza vidonge mbele yangu, akafungua mdomo nione. Nikainuka.

Sasa yanayokuhusu. Tumepatana kwamba deni halijaisha, atalilipa kila siku mpaka dawa ziishe. Nimeandika aanze sindano upya, kwako, na karatasi yake nimeiacha kwa mhudumu. Tafadhali mpime Chausiku pia. Na vidonge amezee baada ya kula, hata uji mwepesi. Nilipaswa kumwambia hilo tangu mwanzo.

Asante kwa lile swali.

Wenceslaus


Tupendane, Mikumi.
22 Juni 1975

Mpagazi wangu, mtoto wa wapagazi,

Natumaini tope limetoka kwenye shati. Kama halijatoka ulivae hivyo hivyo, watu wajue ulikotoka.

Ulipoondoka watu wa mtaa wa chini walikuja mbio kuuliza nani amefariki. Mzee Lazaro akawajibu, "Hajafa mtu, kuna Mnyamwezi alikuwa anadai." Wengine hawaamini mpaka leo, wananisalimu kwa kunigusa.

Sista Hildegarda ana mkono mzito. Wewe ulikuwa unanitonesha, yeye anatwanga. Ila ananieleza. Anasema hii ni sindano ya nini, akimaliza ananiuliza nimeelewa, nikisema ndiyo ananiambia nimrudishie kwa maneno yangu. Juzi nilimweleza vijidudu vyangu ni kama watu waliokwepa kuhamia kijijini, wamejificha porini wanangoja operesheni ipite warudi. Akacheka, akasema hivyo hivyo, lakini nisiseme kwa sauti mbele ya mwenyekiti. Chausiku amepimwa, hana kitu. Nililala usingizi siku hiyo.

Nikwambie la moyoni. Ulipolala pale, kwanza nilifurahi kwa sababu mtani wangu amerudi. Kisha nikaona unalia. Mimi nimezika mume na watoto wawili, najua kilio cha mchezo na kilio chenyewe. Nikasema kumbe nakufa kweli. Ndiyo maana nilikaa chini, si kwa kukuhurumia wewe. Nilikuwa na hofu hata kuuliza nikaona vibaya, lakini ulivyokuwa umelala pale kama mbuzi wa kuchinjwa nikasema huyu hata nikimwuliza la kipumbavu atanicheka vipi?

Siku nyingine usiniambie kweli huku unacheka nikadhani umeniponya. Wala usiniambie kweli kwa YAH. Hiyo usirudie, nitakuja Kilosa kukuchapa.

Sanda yako nimeikunja nimeiweka sandukuni.

Bibi yako,
Mwanasha binti Kibwana


Zahanati, Mikumi.
9 Agosti 1976

Ndugu Wenceslaus,

Makohozi ya Bi Mwanasha yamerudi tena safi, na dawa zake zinaisha mwisho wa mwezi huu. Hakukosa hata siku moja, mvua kwa jua. Siku nilipokuwa Morogoro kwenye semina aliketi barazani tangu asubuhi mpaka mhudumu akampa, akisema ana deni la mtu na hapendi kudaiwa.

Wagonjwa wengine wawili wa kifua wamesikia habari zako. Mmoja ni Mgogo, anauliza yeye naye Mnyamwezi wake atakuja kulala mlangoni lini. Nimemwambia ameze dawa kwanza.

Nimesikia mnahamishwa baadhi yenu. Kama na wewe umo, pita Mikumi uage vizuri.

Hildegarda


Tupendane, Mikumi.
3 Oktoba 1976

Kwako Wenceslaus, mpagazi uliyerudishwa kwenu Tabora bila mzigo,

Marahaba. Zile shikamoo zote ulizonipa stesheni nimezipokea, hata ya mwisho uliyopiga kelele dirishani garimoshi likiondoka, watu wakakugeukia.

Chausiku amejifungua mtoto wa kike. Sista Hildegarda ndiye aliyemzalisha, mkono wake mzito huko ndiko unakofaa. Alipomfuta mtoto hakumpa mama yake kwanza, alinigeukia mimi, akasema, "Bi Mwanasha, vuta pumzi." Nikavuta. "Toa." Nikatoa. Hakuna kikohozi. Akaniwekea mtoto mikononi. Nilimpakata mpaka Chausiku akaanza kulalamika. Nilimwambia mtoto habari zako, kwamba kuna mtu mmoja mchafu wa tope aliyemfanya bibi yake asiwe kwenye sanda leo. Alinitazama kwa makini kama mtu mzima, halafu akanikojolea.

Nguo za mtoto hazikuwepo. Duka la ushirika lina chumvi na viberiti tu. Nikafungua sanduku nikatoa bafta yako. Chausiku alishtuka, akasema mama hiyo ni sanda, nikamwambia hii ni bafta, haijamfunga mtu. Nikaikata katikati. Nusu nimempasulia mtoto nepi na kishuka cha kumfunikia, nyeupe, anapendeza kama bibi arusi.

Nusu iliyobaki nimeipima mwilini mwangu kwa ule mwanzi wako, ninao bado. Inanifika magotini tu, hata nijikunje vipi. Kwa hiyo siku ukitaka kunizika itabidi ununue nyingine, mtani wangu, na ukishainunua usipande garimoshi. Njoo nayo kutoka Tabora kwa miguu, pole pole, pamoja na yule mbuzi.

Ni mimi bibi yako, mzima kweli safari hii,
Mwanasha binti Kibwana